Makofi Nje ya Uzio

Kwanza yalisikika makofi. Hayakuwa makofi ya kushangilia. Yalikuwa ya viganja vilivyokunjwa kidogo kama vinavyoteka maji, vikikutana polepole na kutoa sauti nzito ya chini, kama mtu anayegonga ubavu wa mtumbwi kusikiliza kama umeoza. Halafu sauti ya salamu ya Kiha: "Mwakeye!" Ndipo juu ya minyaa ya uzio wetu ilipochomoza kofia, ikafuata miwani, likafuata shati lililopigwa pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Mtendaji wa kijiji amefika.

Jina lake analo, lakini kwetu hakuna aliyelitumia. Hata mama yake mzazi alimwita Mtendaji, mwanzoni kwa mzaha, baadaye kwa mazoea. Nimejaribu mara nyingi kumwandika na kila mara nimeishia kwenye kofia na miwani, kwa sababu mbele ya hapo kuna jambo linalonichoma uso. Safari hii nitalifikia, ila nitapita njia ndefu, kama yeye alivyokuwa akipita.

Kijiji chetu kiko kaskazini ya mji wa Kigoma, kimebanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Barabara ya gari haipo. Ukitoka mjini unapanda boti Kibirizi, unakuja na magunia ya unga, kuku na masanduku ya soda, na kama mawimbi yameamka unafika umelowa hadi mifukoni. Yeye alikuwa mtu wa milimani, upande wa Kasulu, akapewa kijiji cha majini. Ziwa aliliogopa waziwazi wala hakuficha. Ndani ya boti alishika mbao kwa mikono miwili, macho ameyafumba, na wimbi likimrushia maji wavuvi walimpigia kelele:

"Mtendaji, ziwa limekusalimu! Itika!"

"Liambieni nipo kikazi," alijibu bila kufumbua macho.

Dagaa hakula. Alisema kitu kinachokutazama kwa macho mengi namna ile huwezi kukila, unaweza tu kukiomba radhi. Tulimcheka. Mtu anaishi juu ya mwalo, pale mitumbwi inaposhushia samaki, unaonuka dagaa asubuhi mpaka jioni, vichanja vya kuanikia vimeuzunguka mlango wake, naye samaki hagusi, chakula chake ni maharage na ndizi za kupika kama yuko kwao. Mama yake, aliyeteremka naye kutoka milimani, alikuwa kinyume chake. Dagaa alikula wabichi, wakavu, wa kukaanga, hata wa jana.

Yule bibi Kiswahili alikijua kidogo sana. Asubuhi aliketi mlangoni kwake kwenye kigoda, na kila aliyepita kwenda mwaloni alimsalimu kwa viganja vyake vilivyokunjwa, mwakeye, umelalaje, watoto wamelalaje, na hakuridhika mpaka ajibiwe yote. Watoto tulimwita Bibi Mwakeye. Ukiwa na haraka ulipita nyuma ya nyumba, na hata huko alikusikia, akapiga makofi kupitia ukutani.

Mwanawe alirithi ugonjwa huo huo. Hakuweza kupita nyumba ya mtu bila kuuliza usingizi, mvua, migomba, nyavu, mgonjwa wa mwezi uliopita, na mwisho mbuzi. Kwetu alimuulizia mbuzi wetu mweusi kwa upole wa pekee, ingawa ndiye aliyewahi kulitafuna tangazo lake la usafi likiwa bado na gundi mbichi. "Na mbuzi? Amelalaje msomaji wangu?" Kwa hiyo mkutano wa saa nne ulianza saa saba, na wa kwanza kukaripia uchelewaji alikuwa yeye mwenyewe, jasho likimtiririka, akitoka kusalimia.

Ukali wake wote ulikuwa kwenye kipaza sauti. Alikuwa nacho kimoja cha mkononi, chenye betri zilizochoka, kikimfanya aongee kama serikali kuu kisha katikati ya sentensi alie kama mwanakondoo. Akikiweka chini, alikuwa mtu wa sauti ndogo anayemchotea mama yake maji ya kuoga.

Corona ilifika redioni kabla ya kufika kwetu. Shule zilifungwa, nikarudi nyumbani na sanduku langu la bweni, nikamkuta Mtendaji amebadilika. Maelekezo yalimjia kwa simu kutoka halmashauri: watu wasisongamane, wanawe mikono kwa maji tiririka, wasishikane. Yalikuwa mafupi, yametungwa kwa ajili ya watu wenye kumbi na milango mipana. Ofisi yake ilikuwa chumba kimoja ambamo watu wanne wakiingia, wa tano anasikia wanachofikiri.

Alichukua meza akaitoa nje, akaiweka mwaloni juani, muhuri wa kijiji ukining'inia shingoni mwake kwa kamba. "Ofisi ni mtu," alisema, "si paa." Akapanga mawe ya ziwani yaliyopakwa chokaa, kila anayehitaji barua ya utambulisho asimame kwenye jiwe lake. Kina mama waliyakalia, mbuzi waliyalamba chokaa, naye kila asubuhi aliyapanga upya. Kliniki ya watoto, ambayo zamani ilijaza zahanati mpaka watoto wakaambukizana vilio, aliigawa kwa vitongoji. Muuguzi akaifuata njia ya ufukweni na mizani yake, akaining'iniza kwenye boriti ya banda la nyavu, kitongoji kimoja leo, kingine kesho. Kwa vile vitongoji viwili vilivyo chini ya mwamba, visivyofikika ila kwa maji, Mtendaji alimsindikiza mwenyewe kwenye mtumbwi, amefumba macho, amekumbatia ndoo ya kunawia.

Alikosea pia. Aliamuru mitumbwi ya dagaa ifike pwani kwa zamu, mmoja ushushe uondoke ndipo wa pili usogee, ili wanawake wanunuzi wasirundikane. Ilikuwa amri nzuri, na akaitangaza katikati ya giza la mwezi. Kwetu, mwezi ukiwa mpevu wavuvi hupumzika, kwa kuwa taa zao hazimdanganyi dagaa. Mwezi ukipotea ndipo mavuno yanapokuja, na dagaa hangoji zamu ya mtu. Asubuhi ile mitumbwi ilielea kwenye jua, mali ikianza kuchacha.

"Mtendaji!" jirani yetu mmoja mvuvi alimpigia kelele kutoka majini. "Na huyu dagaa tumvalishe barakoa?"

Alifuta amri palepale, kwa kipaza sauti, akaomba radhi mbele ya watu wote. Sijawahi kumsikia kiongozi mwingine akiomba radhi kwa kipaza sauti. Kilikata katikati ya neno "samahani", akalimalizia kwa mdomo wake.

Lakini kubwa lake lilikuwa makofi. Watu wa Kigoma kuambiwa wasishikane mikono ni kama kuambiwa wasionane. Alilia nalo kwa mama yake, na bibi akamcheka. Akamwambia kwa Kiha kwamba viganja vilikuwepo kabla ya kushikana. Tangu hapo Mtendaji akawa anapita nyumba hadi nyumba akitufundisha upya jambo ambalo wazee walilijua na sisi vijana tulikuwa tumeanza kulionea haya: simama nje ya uzio, kunja viganja, piga, uliza, jibu, nenda zako. "Ugonjwa hauna miguu," alisema. "Sisi ndio tunaoubeba. Basi tuubebee wapi, na tumeishia uzioni?" Kijiji kilipenda. Asubuhi ufukwe mzima ulikuwa ukigonga, nyumba hadi nyumba, kama karakana ya mitumbwi.

Kisha akayapeleka makofi msibani.

Sheria ilikuwa hii: wanaochimba na wanaobeba tu ndio waende kaburini. Matanga hakuna kulala. Waombolezaji wafike uzioni kwa makundi, wapige makofi, mfiwa aitikie kutoka mlangoni, waache chakula juu ya meza, waondoke. Hakuna bakuli moja la kunawia mikono baada ya mazishi, maji yamiminwe. Aliitunga mwenyewe, naamini aliitunga kwa huruma, na msiba wa kwanza mzito kuangukia ndani yake ulikuwa wetu.

Babu yangu, baba yake baba, alikuwa fundi wa mitumbwi. Ufukwe wote wa kaskazini ulivua kwa mbao alizozinyoosha yeye. Alikohoa siku chache akanyamaza. Kesho yake mitumbwi ilianza kuonekana, imejaa watu, wanawake wamejifunga khanga viunoni, na karibu kila mtumbwi uliokuja ulikuwa umetoka mikononi mwa marehemu. Mtendaji aliwatangulia majini. Aliingia na suruali yake ya pasi, maji yakampanda magotini, mtu yule asiyeweza kuketi kwenye boti bila kufumba macho, na safari hii alikuwa ameyafumbua.

"Msishuke!" Kipaza sauti kikalia, akakitupa. "Msishuke, ndugu zangu. Pigeni makofi hapo mlipo. Wafiwa watawasikia!"

Injini zikazimwa. Halafu wakapiga, mtumbwi mmoja, wa pili, mpaka sauti ile nzito ikatanda juu ya ziwa lote, na vilio juu yake. Nilikuwa nimesimama na baba mchangani. Ukiniuliza leo nitakwambia sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile. Baba alisikia tofauti.

"Baba yangu anazikwa kama maiti iliyookotwa ufukweni," alimwambia Mtendaji mitumbwi ilipogeuka.

"Nichukie, kaka," alijibu, maji yakimchuruzika. "Nichukie ukiwa hai."

Jioni ile, nyumba yetu ikiwa tupu kama haikufiwa, mlango wa jikoni ulisukumwa. Bibi Mwakeye aliingia kutoka kwenye migomba, amepita nyuma kama sisi tulivyokuwa tukipita nyuma kumkwepa. Hakupiga makofi. Alikwenda moja kwa moja alipokuwa bibi yangu, akakaa naye sakafuni bega kwa bega, akavua khanga yake ya juu akamfunika. Hawakuwa na lugha moja ya kutosha. Walikaa hivyo.

Mtendaji alipita kukagua. Aliziona kandambili za njano za mama yake mlangoni petu. Alizitazama, akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa, akageuka na kwenda zake. Baba alikuwa amesimama dirishani. Naye aliziona kandambili, akamwona aliyeziona.

Maelekezo kutoka juu yakapungua, kisha yakakoma. Shule zikafunguliwa. Barakoa zikawa vitambaa vya kufunikia maziwa. Mtendaji aliirudisha meza ndani, mawe ya chokaa yakabaki kama meno, na misiba ikarudi kuwa misiba, watu wakilala matanga na kunawa kwenye bakuli moja. Makofi ya uzioni yakageuka mzaha. Ukigombana na mtu ulimwambia, "Ukifa nitakupigia makofi."

Masika ya mwaka uliofuata Bibi Mwakeye akafa.

Sijui nani aliyetamka kwanza. Kwenye vichanja vya dagaa mmoja alisema tumheshimu Mtendaji kwa sheria yake, mwingine akacheka, na kufikia mchana halikuwa tena jambo la kucheka. Nyumbani mama yangu alikuwa akifunga unga kwenye kitambaa.

"Yule bibi alikaa na mkwe wangu huyu," alisema, akimwonyesha bibi kwa kidevu. "Sakafuni."

"Mwanawe hakukaa," baba akajibu.

"Nawe unamzika mwanawe, au unamzika bibi?"

Baba aliinuka. Alivaa shati lake la sikukuu.

Vijana walichimba, walibeba, walizika, maana kaburi halikataliwi. Baada ya hapo watu wote wa kijiji, wasafi, wamevaa vizuri, walikwenda nyumbani kwa Mtendaji na kusimama nje ya uzio. Nami nilikuwemo. Ndani tuliiona mikeka. Alikuwa ameiazima kanisani na msikitini, ameitandika ua mzima, mkeka juu ya ncha ya mkeka, ili asikose mtu mahali pa kukaa. Masufuria ya maharage na ndizi yalikuwa yakifuka mvuke. Alitokea mlangoni na mikono ameifungua.

"Karibuni ndani. Ingieni, ndugu zangu."

Baba akakunja viganja. Akapiga. Tukapiga sote.

Mtendaji akatabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbushwa utani wa zamani. "Mambo ya uzio yalishakwisha, kaka. Mikeka ipo."

"Sheria ni sheria, Mtendaji," baba akasema. Akaweka unga juu ya jiwe, akasogea, akawapisha wengine.

Nilimwona akielewa. Ilimjia kama wimbi linavyomjia mtu asiyejua kuogelea, amesimama, analitazama. Akalivuta shati lake likanyooka. Akavikunja viganja, akaitikia. Kundi la kwanza, la pili, kila kundi, aliitikia mpaka mwisho, kwa mdundo ule ule wa mama yake, hakuruka hata mmoja, na nyuma yake kuku alikuwa akitembea peke yake juu ya mikeka. Viganja vyangu vilikwenda vizuri kabisa. Yeye ndiye aliyenifundisha. Hakuna mtu duniani ambaye angetukuta na kosa. Hatujawahi kuwa watiifu vile, kabla wala baada.

Tulirudi bila kutazamana. Kesho yake watu walianza kumpelekea vitu: migebuka mikubwa, dagaa wa daraja la kwanza. Walimpelekea samaki mtu asiyekula samaki, wakiwaacha na kuondoka haraka. Alishukuru kila mmoja. Hakulipiza, hakulalamika, hakumnyima mtu muhuri. Alipita kwetu kama kawaida, makofi, mwakeye, kofia, miwani. Ila hakuuliza tena usingizi. Hakuuliza migomba. Mbuzi mweusi alinyoosha shingo juu ya uzio, akapitwa.

Mikutano ikaanza saa nne kamili. Hapo ndipo tulipojua tulichokifanya.

Hakukaa sana baada ya hapo. Alihamishwa, akastaafu, tukasikia amejenga chumba na sebule Kasingirima, huko mjini, mbali kidogo na maji.

Mwaka huu baba ameugua. Kijijini hakuna daktari wa ugonjwa wake, kwa hiyo nimempangia chumba Mwanga, mjini Kigoma, nyuma ya mafundi cherehani, tuwe karibu na hospitali. Mchana kutwa cherehani zinalia ukutani. Juzi ziliponyamaza kwa chakula cha mchana, yalisikika makofi nje ya mlango. Mazito, ya polepole.

Baba alifungua macho. "Ni yeye."

"Nani, baba?"

"Yule hajawahi kubisha kwa mkono mmoja."

Nilifungua. Amekonda, kofia imemzidi kichwa, shati bado linaweza kusimama lenyewe.

"Shikamoo, Mtendaji."

"Marahaba, binti. Nimesikia sokoni. Mgonjwa anapokea wageni, au nimsalimie hapa hapa nje?"

Hakuuliza kwa kejeli. Hilo ndilo lililonifanya nishindwe kumtazama.

"Aingie," baba akasema kutoka kitandani. "Mwambie aingie. Mpe kiti."

Aliingia, akakipita kiti, akakaa kwenye mkeka wangu wa kulalia na miguu ameikunja.

"Kiti kipo," baba akasema.

"Mkeka unanitosha, kaka. Mkeka si ni wa kukaliwa?"

Baba aligeuza uso ukutani. Mtendaji alingoja. Alipoona neno halitoki, akavikunja viganja vyake, akapiga taratibu, akaanza upya kama anayeamsha mtoto.

"Umelalaje?"

"Nimelala vibaya."

"Mama watoto?"

"Yupo. Anakuja na boti ya Jumamosi."

"Migomba?"

"Upepo umeangusha."

"Nyavu? Mitumbwi ya marehemu mzee, bado inaelea?"

"Inaelea," baba akasema, na sauti ikamvunjika hapo. "Bado inaelea."

Nilijua kilichobaki, na baba alijua. Nilimwona amekaza vidole kwenye ukingo wa shuka.

"Na mbuzi?" Mtendaji akauliza. "Msomaji wangu?"

Baba alilia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mchangani siku ile. Alilia mdomo wazi, bila kujifunika, na Mtendaji alikaa pale pale kwenye mkeka, hakumnyamazisha wala hakumsaidia, mpaka kilio kikaisha chenyewe. Kisha akainuka kwa kushika goti, akatafuta viatu vyake.

Alikuwa ameshaufungua mlango baba alipoita.

"Mtendaji. Nikizidiwa huku huku mjini, watu wetu wako mbali. Utakuja?"

Akasimama, mkono juu ya komeo, ametugeuzia mgongo. Ukutani cherehani moja ikaanza kulia tena, halafu ya pili.

"Mama yangu angekuja," alisema.

Akatoka, na mlango ukafungwa nyuma yake taratibu, kama unavyofungwa panapolala mgonjwa.